Mwethya wa Siku ya Soko

Wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana mashamba kwa zamu, walifika kwa Kalekye na majembe mabegani, wakamkuta amekwisha kutoka nje ya ua wa miiba, amejifunga leso kiunoni, macho yake ardhini. Nyuma yake shamba lilikuwa limepasuka nyufa kwa kiangazi, likingoja matuta. Tangu juzi upepo wa upande wa Kitui ulikuwa ukija na harufu ya mvua, na kila mmoja wao alijua kwamba asiye na matuta mapya msimu huu angeuona udongo wake ukishuka mtoni pamoja na mbegu.

Wayua, mwenyekiti wao, alishusha jembe na kuuliza waanzie wapi.

Kalekye alikuwa na kawaida ya kuongea kama anayeomba radhi kwa kuwa na sauti. Alisema, huku akiviringisha ncha ya leso kidoleni, kwamba alikuwa akiomba wasichimbe hapa. Wachimbe kwa kaka yake, kule kando ya barabara ya Matiliku.

Mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kukung'uta jembe ambalo halikuwa na udongo.

Kaka yake alikuwa Ndululu, na Ndululu alikuwa gerezani. Jioni moja, mwaka juzi, mtu alivunja duka la Mbithi pale Matiliku, akampiga mwenye duka kwa chuma mpaka jicho moja likaharibika. Jirani aliapa kwamba alimtambua Ndululu gizani kwa mwendo wake. Ndululu alisema kwamba saa hizo alikuwa mbali, Mtito Andei, akitafuta kibarua cha kupakia malori, na kwamba alikuwa amemsaidia mfanyabiashara mmoja wa mbuzi. Jina la mfanyabiashara hakulijua. Mahakama ikamfunga miaka mingi, na shamba lake likaachiwa magugu, watu wakilipita huku wametazama upande wa pili.

Mbithi alikuwa mtoto wa dada yake Wayua. Ni Wayua aliyemlisha uji hospitalini, na ni yeye aliyesimama kanisani kumshukuru Mungu siku hukumu iliposomwa. Kama mama mdogo wa Mbithi, angeweza kulitupa jembe palepale na kurudi nyumbani. Kama mwenyekiti, hakuweza. Katika mwethya mwenye siku ndiye anayesema kazi ifanyike wapi, na wenzake huinama wakachimba. Kanuni hiyo Wayua mwenyewe alikuwa akiwakaripia watu kwa ajili yake.

"Twendeni," alisema, bila kumtazama Kalekye.

Njiani ndipo alipoelewa kwa nini binti huyu, ambaye hakuwahi kuomba chochote, alikuwa ameshikilia kwamba zamu yake iangukie siku ya soko. Waliguna wakati ule, wakadhani amechanganyikiwa. Lakini watu wa huku hawapiti penye mwethya kama wanaopita penye ukuta. Mtu husimama, husalimu, huuliza shamba ni la nani, kisha hushika jembe akapiga mapigo mawili matatu ndipo aendelee na safari yake. Asiyefanya hivyo husemwa mpaka jikoni. Na leo nusu ya tarafa ingepita kwenye barabara hii.

Kalekye aliiacha shule akiwa darasa la sita, siku walipomzika mama yao. Kusimama sokoni na kipaza sauti asingeweza hata kwa kusukumwa. Kwa hiyo alikuwa ametafuta njia ya kuulizwa.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, abiria wake kuku wawili waliofungwa miguu.

"Mwaitu, mama yetu, leo mmehamia barabarani? Mnatoza ushuru?"

"Ushuru ni jembe," mwanamke mmoja alimjibu. "Shuka ulipe."

Akashuka akicheka, akachimba kidogo, akauliza shamba ni la nani. Wanawake wote wakamgeukia Kalekye. Akaviringisha ncha ya leso.

"La Ndululu," alisema. "Kaka yangu. Amefungwa kwa kosa ambalo hakulifanya."

Kisha akaeleza. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. Kwamba jioni ile Ndululu alikuwa Mtito Andei. Kwamba lori la mbuzi lilivunjika komeo, naye akavua mshipi wake akaufungia mlango wa nyuma ili wanyama wasimwagike barabarani. Kwamba lori liliondoka na mshipi. Kwamba wakili wa kujitolea alisema rufaa ingepata miguu kama angepatikana yeyote aliyemwona huko. Mwisho akasema jambo ambalo Wayua hakulitarajia:

"Mbithi aliumizwa kweli. Aliyemwumiza bado anatembea."

Kijana alirudisha jembe, akapanda pikipiki yake. Wayua aliinama akachimba kwa hasira, jembe likitoa cheche kwenye changarawe.

Wakapita wauza maembe, wakapita mafundi, akapita mke wa mchungaji na viatu vyake vyeupe. Wengine waliguna wakaondoka. Mzee mmoja alisema kwamba mahakama haifungi mtu bure, akakataa jembe, na Kalekye akamtakia safari njema kwa adabu ileile aliyompa mke wa mchungaji. Wayua alikuwa akimsikiliza kwa sikio la mtu anayesubiri uwongo ujikwae. Alijua jinsi habari inavyonenepa kila inaposimuliwa. Hii haikunenepa. Kalekye hakumwongezea kaka yake utakatifu, hakumlaani yule jirani, hakulia ili aonewe huruma. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini kila aliyeuliza alijibiwa kama ndiye wa kwanza kuuliza.

Na kila mara ilikuja ile sentensi ya mwisho, ikimchoma Wayua mahali palepale. Alikuwa amezoea kulala akijua kwamba jicho la Mbithi limelipwa. Kama huyu mtoto anasema kweli, basi hakuna aliyelilipa, na mwenye chuma kile labda leo hii alikuwa sokoni akichagua nyanya, au alikuwa amesimama hapa akapiga mapigo mawili matatu. Wayua aliutazama mpini mikononi mwake, akauachia kidogo, kisha akaushika upya.

Mchana walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kivulini. Wayua alimpakulia Kalekye mwenyewe, sahani ikajaa.

Habari iliyotoka asubuhi na pikipiki na vikapu ilirudi alasiri kwa miguu. Mwanamume mrefu mwenye kikoi na fimbo ya kuchungia alisimama ukingoni mwa barabara. Wengi walimfahamu kwa sura. Alikuwa Mahamud, Msomali aliyekuwa akinunua mbuzi kutoka Zombe na masoko ya huku na kuwapeleka Mombasa.

Alisalimu, lakini hakuuliza shamba ni la nani.

"Kule kwa mbuzi wanasema kuna mtu alifunga lori kwa mshipi," alisema. "Sokoni watu husema mengi. Nimekuja kusikia kwa mwenyewe."

Kalekye alifungua mdomo aanze, kisha akaufunga. Akamwuliza badala yake, polepole, mshipi huo ulikuwaje.

Mahamud alikuna ndevu. Ulikuwa wa ngozi, alisema, mkuukuu. Yule kijana alikataa hata chai, akasema kaza mwendo usije ukachelewa. "Tundu la mwisho halikuwa la fundi. Limepinda, liko pembeni, kama limetobolewa kwa msumari. Naufungia turubai mpaka leo."

Kalekye aliketi juu ya tuta jipya, taratibu, kama mtu anayeshushwa na wengine.

"Nililitoboa mimi," alisema. "Alikuwa amekonda."

Wayua alikuwa ameisikia habari ile tangu asubuhi, neno kwa neno, na tundu hilo halikuwamo hata mara moja. Aliwaza juu ya Mbithi, na jinsi atakavyoingia kwake jioni hii na kumwambia.

Mahamud alikuwa amegeuza uso kuelekea sokoni. "Mambo ya korti siyajui, mama," alisema, kwa kuwa Wayua ndiye aliyekuwa mkubwa pale. "Mtu kama mimi akiingia, huulizwa kitambulisho kwanza. Habari aliyoileta huulizwa baadaye, kama kuna nafasi."

Hakuna aliyemsihi. Kalekye alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imelala mapajani, akimwachia mtu huyo uamuzi wake kama alivyowaachia wote waliopita. Wayua aliokota jembe lake mwenyewe, akamnyooshea.

Mahamud alilitazama. Akaegemeza fimbo mtini, akakunja kikoi, akaingia mtaroni. Alichimba vibaya sana.

"Wewe ni wa mbuzi," Wayua alimwambia.

"Mbuzi hawanitaki nichimbe, mama." Alipiga tena, akapiga tena, mpaka jasho likamtoka. Aliporudisha jembe alimwuliza Kalekye: "Huyo wakili wenu anapatikana wapi?"

Alipokwisha kuondoka, wanawake waliendelea na kazi, wakichimba haraka kuliko asubuhi. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa mashariki. Shamba la Ndululu lilikuwa na matuta kutoka juu mpaka chini, na la Kalekye halikuwa na hata moja.

"Kesho zamu ni yangu," Wayua alisema. "Mje na majembe. Tukutane kwa Kalekye."

Mwanamke mmoja alitaka kusema kitu kuhusu mvua na shamba la mwenyekiti. Alimtazama usoni, akaacha.

Watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni. Mama mmoja aliyebeba kiondo mgongoni, kamba yake ikimkata paji la uso, alisimama, akasalimu, akauliza kama ilivyo desturi shamba hili ni la nani. Wanawake walimgeukia Kalekye. Alikuwa amekauka sauti. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu.

Wayua alijifuta mikono kwenye leso. Tangu hukumu hakuwa amelitamka jina lile. Nyumbani kwake walimwita "yule".

"La Ndululu," alisema. "Tua mzigo, mwaitu, nikueleze."