Ua Lenye Kelele

"Nataka ua linalonukia kuliko yote uliyonayo," Kinuyo alimwambia muuza miche. "Linalokera kabisa. Na liwe linavumilia kivuli."

Bi Tatsue aliweka chini kopo la kumwagilia akamwangalia mteja wake vizuri. Alikuwa akiuza miche pembeni mwa Kyoto tangu ujana wake, na nyumba ya Horiguchi aliijua kwa ubahili wake wa maua.

"Dada, nyumba yenu hainunui kwangu ila majani. Mwalimu anajua umekuja?"

"Nataka ajue. Ndicho nilichofuata hapa."

Mwalimu huyo ni Sohei Horiguchi, mume wa Kinuyo, na alichofundisha ni chai: namna ya kuipika, kuiandaa na kuipokea kwa adabu. Katika chumba cha chai panaruhusiwa harufu moja tu, ile ya udi unaowekwa kwenye mkaa. Ua la kushindana na udi ni utovu wa adabu kwa mgeni. Kwa hiyo ule ua mdogo wa katikati ya nyumba, ambao jua huuchungulia tu adhuhuri na kuondoka, ulikuwa na mawe, birika la jiwe la kunawia mikono na zulia la majani mafupi ya kijani. Basi.

Kinuyo alipoolewa alikuja na mche wa jinchoge, kichaka kifupi chenye maua yanayonukia sana, kutoka kwa mama yake, akaupanda pale kivulini kwa furaha yake yote ya bibi harusi. Mumewe alisimama, akanusa, akasema, "Hilo ua lina kelele." Kesho yake mche haukuwepo. Tangu siku hiyo Kinuyo akaoga kwa sabuni isiyonukia, akaacha kuchoma samaki siku za wanafunzi, na wakija wageni alibaki jikoni na maji ya moto. Ukimuuliza kama alionewa atakwambia ndiyo, tena bila kusita. Ila alimpenda yule mzee mkali, sijui tufanyeje na mambo ya watu.

Halafu kiharusi kikampiga Sohei katikati ya somo, bakuli mkononi. Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hasemi neno. Alilazwa kwenye chumba kinachotazama ule ua, na kadiri baridi ilivyozidi ndivyo alivyozidi kufunga mdomo. Kijiko kikija, anageuza uso taratibu. Daktari alikuwa amesema waziwazi: kumeza anaweza, hataki tu. Akiendelea hivyo watamtoboa tumbo wapitishe mpira wa chakula, au wamwache. Kinuyo aamue. Kinuyo, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kuamua hata ua la kupanda!

Usingizi ulimpaa. Alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumsomea, akamletea wanafunzi wake waliokaa mstari mmoja wakilia kimyakimya. Mzee aliwainamishia kichwa wote sawasawa, kama alivyomwinamishia muuguzi, kama alivyomwinamishia mkewe akimfuta uso. Jambo hilo la mwisho lilimkera Kinuyo bila kujua kwa nini. Ndipo likamjia wazo ambalo binti yake Mayuko, anayeishi Osaka, alipolisikia kwenye simu alidhani mama naye ameanza kuugua.

"Yaani unataka kumchokoza mgonjwa?"

"Baba yako hajawahi kuinuka kwa kubembelezwa. Akikasirika anainuka. Umesahau ulivyokuja na manukato siku ya mwaka mpya?"

"Nitasahauje? Alifungua milango yote, tukala tukitetemeka."

"Basi. Nataka anigombeze. Hata neno moja, Mayu. Aseme 'ondoa'. Nitaondoa na nitampikia chochote anachotaka."

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Bi Tatsue.

"Tuanze na hii gadenia," alisema Bi Tatsue. "Kivuli chepesi inakimudu. Harufu yake ukilala nayo chumba kimoja unaamka na kichwa kinauma."

"Inachanua lini?"

"Mvua zikianza. Mwezi wa sita."

"Sina muda wa kufika huko."

"Hii hapa maua yake yananukia ndizi mbivu. Kivuli haiogopi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Usinikunjie uso, mimi siyo niliyepanga majira. Kinmokusei ndiyo usithubutu, inataka jua, kivulini itakupa majani matupu. Halafu watu wa rika letu walikuwa wanaipanda karibu na choo, ifunike harufu. Mwalimu atadhani umemhamishia huko."

Kinuyo alicheka, na kicheko kikamtoka kibaya, kikaishia kwenye machozi. Bi Tatsue aliangalia pembeni mpaka mwenzake akajipangusa. Kisha akaenda nyuma ya kibanda akarudi na chungu chenye mche mfupi, umejaa vichwa vya maua vya rangi ya waridi vilivyokuwa vinaanza kupasuka.

Kinuyo aliijua kabla haijamfikia. Ilikuwa jinchoge.

"Hii ni ya sasa hivi," Bi Tatsue alisema. "Kivuli ndicho inachokitaka, ila isikae majini. Na ukishaipanda, umeipanda. Haitaki kuguswa mizizi. Ukija kuing'oa, itakufa."

"Namwomba Mungu, mume wangu aniambie niing'oe."

Aliipanda mwenyewe, amepiga magoti kwenye lile zulia la kijani ambalo wanafunzi walikuwa wakilichambua kwa vidole. Alilichana kwa jembe dogo. Kila mara aligeuka kutazama mlango wa chumba, kama mtoto anayeiba sukari. Macho ya Sohei yalikuwa wazi, yanatazama dari.

Haikusaidia. Baridi ilikaza na maua yakafunga harufu yake ndani. Kinuyo aliacha milango wazi hivyohivyo, muuguzi akanuna, mzee akaongezewa blanketi na uji ukarudi jikoni kama ulivyokwenda. Mkono wa Sohei ulikuwa umebaki mifupa. Daktari alipiga simu kuuliza wameamua nini, na Kinuyo akamwomba amngojee kidogo, sauti yake ikimwombea kuliko maneno.

Kisha asubuhi moja kukanyesha manyunyu yenye joto, na harufu ikaingia. Iliingia yote kwa pamoja, tamu, nzito, ikajaza chumba mpaka kwenye matandiko. Kinuyo alikuwa ameshika bakuli la uji. Aliona pua ya mumewe ikicheza. Aliona kichwa kikigeuka kuelekea uani, halafu, Mungu wangu, paji la uso likakunjamana kama zamani.

Aliweka bakuli chini akamsogelea kwa magoti.

"Nimeipanda mimi, Baba Mayu. Ile ile. Nimechimba katikati ya majani yako. Haya, nigombeze."

Midomo ya Sohei ilihangaika kutafuta njia. Sauti iliyotoka ilikuwa na kutu, lakini kila neno lilisikika.

"Harufu nzuri," alisema.

"Mwenyeji wetu amechagua vizuri," aliendelea yule mzee kwa upole, akimtazama usoni. "Naomba umfikishie shukrani zangu." Akauvuta mkono wake usiopooza, akaulaza juu ya mkeka, akainamisha kichwa kama mgeni anavyomwinamia mtu wa nyumba asiyemfahamu.

Maisha yake yote ya ndoa Kinuyo alikuwa akisubiri kuambiwa maneno hayo na mtu huyu, kwa mdomo huu. Sasa ameambiwa. Alihisi kitu kikimkatika ndani, na hakukuwa na wa kumlilia, kwa sababu wa kumlilia ndiye aliyekuwa ameinama mbele yake akingoja ajibiwe.

Adabu ikamjibia. Aliweka mikono yote miwili chini akainama. "Nitamfikishia," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelitazama kupitia upenyo wa mlango wa jikoni miaka nenda miaka rudi. Alimimina uji kwenye bakuli jeusi la chai, lile zuri, akalizungusha mpaka upande wake wa kupendeza ukamwelekea mgeni, akaliweka mbele yake. Mgeni mwenye adabu hakatai anachopewa na mwenyeji. Sohei alifungua mdomo, akalishwa taratibu, akala mpaka mwisho, na alipomaliza akasifu bakuli.

Mayuko alipiga simu adhuhuri, kama kawaida yake.

"Amekula," Kinuyo alimwambia. "Amemaliza. Na amesema."

"Amesema? Mama! Amekugombeza?"

"Hapana," alisema Kinuyo. "Amenishukuru."

Mayuko naye alikuwa amelelewa na mtu yule, alijua kwamba shukrani zake zilikuwa za wageni tu. Kisha Kinuyo akasikia binti yake anaanza kulia, akakaa chini palepale jikoni, na ile harufu ikamfuata mpaka huko.