Shimo la Mteremkoni

Mimi kiporo cha maneno sikiweki. Ukinichokoza leo nakujibu leo, na nikikukosa leo, kesho utanikuta nimekaa na jibu langu nakungoja. Mama alishasema hasira zangu zitanitafutia aibu, nikaona mama anazeeka vibaya. Haya, aibu imekuja, na bora niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu ni kutoboa mashimo. Kwenye uwanja wa gofu lile shimo lenye bendera halikai mahali pamoja. Kila alfajiri linahamishwa, la sivyo nyasi za kulizunguka zitakufa kwa kukanyagwa. Mwenye kulihamisha ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Nina chuma cha duara chenye mishikio miwili. Nakididimiza, nakizungusha, nang'oa kipande cha udongo na nyasi zake, naenda kuziba nacho shimo la jana. Sheria ni moja tu: kabla ya kutoboa, weka mpira hatua moja kutoka hapo. Ukitulia, toboa. Ukibiringika, hapo ni mteremko, tafuta kwingine. Sheria hiyo nilimfundisha hata wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoanza kazi ya ukedi, kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo zao.

Amebeba miaka saba, mpaka goti la kulia likagoma. Ngazi tatu za nyumba yetu anazipanda kwa kushika ukuta. Lakini kucheza anajua, kuliko hao anaowabebea. Mwaka huu klabu ikatangaza kwamba mshindi wa siku ya wafanyakazi atakuwa msaidizi wa mwalimu, afundishe wanaoanza. Kubeba basi. Wengine walitaka kombe, wifi alitaka kulipumzisha goti lake.

Sasa sisi wafanyakazi tuna utani wetu. Pesa hatuwekeani, tunawekeana viatu: aliyeshindwa anaosha viatu vya mwenzake wiki nzima. Na kwenye simu tuna kundi la kubashiri, kila mtu na jina la kujibandika. Unaandika fulani atafanya hivi shimo fulani, wenzako wanakupinga. Ukipatia, unaitwa Nabii mpaka mwaka ujao. Ukikosea, unajitaja jina lako halisi na unaosha viatu vya wote waliokupinga.

Jumapili kabla ya mashindano tulikula kwetu. Wifi akaniwekea viatu hapo hapo mezani: akishinda nitaosha raba zake, akishindwa ataosha gambuti zangu. Nikakubali. Akamgeukia kaka yake.

"Kaka, mkeo huyu miaka kumi na moja anawatobolea watu mashimo, na kuingiza mpira mmoja tu hajui."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na maji. Ulikuwa utani wa mawifi tu, mimi mwenyewe huwa namwambia makubwa kuliko hayo. Lakini siku hiyo ulinichoma, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kweli.

Nikaingia jikoni na simu. Kundini naitwa Jicho. Nikaandika: "Kedi mwanamke atafika shimo la mwisho anaongoza, na hapo atasukuma mara tatu." Nikarudi mezani nikamwongezea wifi mchuzi.

Kulipokucha, watu ishirini na sita walikuwa wamenipinga. Viatu vya watu ishirini na sita. Viatu si kitu, ningeviosha. Ila ningelazimika kujitaja, na wote wangejua kwamba aliyemwombea mabaya ni wifi yake. Na lililoandikwa kule halifutwi.

Siku yenyewe nilifika shimo la mwisho kukiwa na umande. Nikatafuta mahali, nikaweka mpira. Ukatulia. Hapo ndipo palikuwa pa kutoboa. Nikauokota, nikasogea hatua mbili kuelekea kwenye mgongo wa nyasi, nikauweka tena. Ukabiringika. Nikaukimbilia, nikautia mfukoni, nikatoboa pale pale ulipokataa kukaa. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Sikutaka wifi ashindwe, nilitaka mimi nisiumbuke. Nimezungusha maneno hayo kichwani siku nyingi nikitafuta tofauti yake, sijaiona.

Wifi alifika pale akiongoza, kama nilivyobashiri. Kedi mmoja mrefu, aliyekuwa akimfuata kwa karibu, alikuwa ameshamaliza. Mpira wa yule ulikaa upande wa chini akausukuma kupanda, ukaingia. Wa wifi ulikaa juu. Gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi: akisukuma mara mbili, kazi ni yake. Mara tatu wanalingana, na wakilingana anachukua aliyecheza vizuri shimo la mwisho.

Akausukuma kwa upole, kama anayemwamsha mtoto. Ukapita ukingoni mwa shimo, ukaonekana kusimama, kisha ukaendelea kuteremka taratibu hatua tatu. Akausukuma kurudi, ukagusa mdomo wa shimo ukageuka. Watu wakaguna. Wa tatu ukaingia. Wifi akainama kuutoa shimoni, goti likamkatalia, akauokota kwa kupiga magoti yote mawili. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Walikuwa wananiita Nabii.

Nilikimbilia stoo ya vifaa nikajifanya nasafisha chuma changu. Haukupita muda wifi akaingia na ndoo ya maji na brashi. Akakaa kwenye kigoda.

"Vua, wifi. Tuliwekeana."

"Acha bwana, ule ulikuwa utani."

"Utani una kanuni zake. Vua."

Nikavua moja. Akaanza kuisugua. Dirishani nilimwona meneja kwenye ukumbi wa mbele, karatasi za alama mkononi. Mpaka azitie sahihi, mtu yeyote anaweza kwenda kusema shimo lilikuwa na kasoro, na shimo hilo lichezwe upya.

"Wenzangu wanataka nikalalamike," wifi alisema. "Wanasema shimo lilikaa mteremkoni. Nimewaambia shimo katoboa wifi yangu, na wifi yangu hatoboi mahali mpira haukai."

Hapo nilitakiwa niseme. Mlango ulikuwa wazi, meneja yuko hatua thelathini, na mimi mwenye jibu la kila mtu nikaendelea kupangusa chuma changu. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza mume wangu na uso atakaonitazama nao. Wifi alisugua kisigino, akasugua soli, akatoa udongo kwenye kila mfereji kwa ncha ya ufunguo. Hakuwa na haraka. Kiatu kilikwisha kutakata naye bado anasugua.

Meneja akatia sahihi. Akampa mkono yule kedi mrefu, watu wakapiga makofi.

Ndipo ulimi ukafunguka. "Wifi, Jicho ni mimi. Na shimo niliweka kusudi."

Hakuinua kichwa. Alimwaga maji machafu, akamimina mengine safi, akasuuza gambuti ndani na nje.

"Najua," alisema. "Nilirudi pale na mpira baada ya kumaliza. Nikauweka hatua moja, kama ulivyonifundisha. Haukukaa."

"Sasa mbona hukwenda kusema?"

"Ningesema mimi, ungefukuzwa. Ungesema mwenyewe, wangekuonya tu, na tungerudia." Akaisimamisha gambuti ukutani ichuruze maji. "Nilikuwa nakungoja, wifi. Nimeisugua hii mpaka mkono umeniuma."

Nikataka kumshika bega, nikaona sina haki hiyo. Akasogeza lile goti bovu kwa mikono miwili, akalinyoosha, akanyoosha na mkono.

"Lete na hiyo gambuti ya pili."