Silinda ya Tatu

Gari la wagonjwa lililetwa gereji asubuhi likitetemeka kama mwenye homa. Likikimbia lilijikaza, lakini likisimama tu injini inamisi, inaruka mapigo, mpaka machela inagonga ukuta wa nyuma. Fundi alifungua boneti kabla dereva hajamsalimia. Mdogo wake Fundi alikuwa na mimba iliyotimia, na gari la kumfikisha hospitali lilikuwa hilo hilo, halina mwenzake.

Injini ikiunguruma, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Ikayumba zaidi, basi silinda hiyo nzima. Wa pili, vilevile. Wa tatu, hakuna kilichobadilika.

"Mwizi wetu huyu hapa," akasema, wakazima.

Alipoifungua plagi, sauti ya kikongwe ikatoka tunduni.

"Tumefika?"

"Bado, bibi," Fundi akajibu, akiipangusa plagi. Haikuwa na masizi wala mafuta.

"Bibi wa kule mlimani huyo," dereva akaeleza. "Nilipofika alikuwa ameshakata roho. Mkubwa alinituma kwanza nikambebee vigae vya nyumba anayojenga."

"Nikapanda hivyo hivyo," bibi akasema. "Si nilikuwa nimeliita? Kwenye simu waliniambia subira yavuta heri."

Fundi hakushangaa, alikereka. Alimwomba bibi asogee kidogo plagi ipate kuwaka. Bibi akasema ng'o, yeye ni mgonjwa, na mgonjwa hashukii njiani.

Fundi akampigia simu Mkubwa, msimamizi wa hospitali.

"Gari liende moja kwa moja hospitali, bibi ashuke. Na lisitoke tena, mkubwa wangu. Mdogo wangu anaweza kushikwa na uchungu saa yoyote."

"Linakwenda au haliendi?"

"Linakwenda, lakini..."

"Basi lipitie kwangu kwanza. Kuna milango ya kuchukua."

Dereva akatazama viatu vyake. "Mimi wa kutumwa tu, Fundi," akasema, akatia gia.

Kutwa nzima Fundi hakutulia. Spana zilimponyoka, simu aliitia mfuko huu akaitoa akaitia ule, kila gari likipita barabarani anainua kichwa. Jioni simu ikaita. Mdogo wake alikuwa amejifungulia nyumbani, damu ikakataa kukatika, na gari liko kwa Mkubwa linashusha milango.

Baada ya mazishi gari likarudi gereji, sasa likijikokota. Dereva alishindwa kumtazama usoni. Fundi, macho yamevimba, akachomoa waya wa kwanza: injini ikataka kuzima. Wa pili, hakuna kilichobadilika. Wa tatu, hakuna kilichobadilika.

Akaifungua plagi ya pili polepole.

"Dada," mdogo wake akasema kutoka ndani, "mtoto anaendeleaje?"

"Amelala. Yuko na mama."

"Ananyonya?"

"Chupa ameikubali."

"Afadhali. Bibi wa hapa jirani ananiambia nisubiri."

Fundi akairudisha plagi kwa vidole tu, bila spana, asije akamuumiza. Dereva alikuwa amesimama pembeni, simu sikioni.

"Mkubwa anauliza kama litabeba mchanga."

"Mwambie silinda mbili hazifanyi kazi. Mwambie na ni nani walioko ndani."

Dereva akamwambia yote, neno kwa neno, kisha akasikiliza.

"Anauliza linakwenda au haliendi."