Vigoda Ishirini na Viwili

Mimi ndiye ninayepanga viti. Watu wakisikia nafanya kazi ofisi ya wafadhili ya chuo kikuu, hudhani nashinda nikinywa chai na matajiri. Wapi! Kila mwaka tunafanya Siku ya Wafadhili: kila mwanafunzi anayelipiwa ada anaketi meza moja na yule anayemlipia, wanakunywa chai, wanafahamiana, na mfadhili anarudi kwake akijua pesa yake ina sura gani na inacheka vipi. Chuo chetu ni cha binafsi. Bila watu hao, madarasa mengi yangebaki na popo. Kwa hiyo kiti kikikosewa, wa kulaumiwa ni mimi. Niliwahi kumkalisha mwenye kiwanda cha magodoro ubavuni mwa spika ya muziki, akaondoka kabla ya hotuba ya kwanza kwisha, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Ndiyo maana nina hasira kidogo. Wenzangu ofisini husema si kidogo.

Sasa, kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa tatu, anasomea ufamasia, kozi ya miaka minne. Wenzake walimwita Nusu, naye akaitika bila kinyongo, maana ada yake ililipwa vipande viwili. Kipande kimoja kilitoka kwa Mzee wa Saruji, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Cha pili kilitoka kwa kikundi cha mafundi cherehani, wanawake ishirini na wawili wenye vibanda nyuma ya stendi kuu ya mabasi. Walipokuja kujiandikisha, mwenyekiti wao, ambaye mji mzima unamwita Mama Pindo, alinipa sharti moja tu.

"Mtupe mtoto asiyejua kushona hata kifungo," alisema. "Wanaojua tunao wa kutosha."

Nikawapa Nusu, na sharti hilo alilifaulu kwa alama za juu kabisa. Nilishamwona kwa macho yangu amefunga mkoba wake kwa pini za ofisini.

Miaka miwili ya kwanza mafundi hawakuja kwenye sherehe, kwa kuwa siku yetu huangukia msimu wa sare za shule na wao hawana muda hata wa kukohoa. Mwaka wa tatu Mama Pindo akapiga simu kwamba wanakuja. Nikamweleza utaratibu, pole pole, kama ninavyomweleza kila mtu.

"Meza ya binti ina viti vitatu, Mama. Kimoja chake, kimoja cha Mzee wa Saruji, na chenu ni kimoja."

"Kimoja?"

"Kimoja tu, Mama."

"Pole, mwanangu," akasema kwa sauti ya huruma kabisa. "Usihangaike. Tutajua la kufanya."

Nikakata simu nimeridhika. Niliamini nimeeleweka.

Wiki hiyo hiyo ikanijia barua ya Mzee wa Saruji. Ghala lake lilikuwa limeungua, mali yote ya mwaka imekwenda na moshi, na ile ada ya mwaka wa mwisho hataiweza. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, akaomba radhi mara tatu, na mwishoni akaomba tumwambie binti asikate tamaa. Sikuweza kumkasirikia, ingawa nilijaribu. Kwa kanuni zetu, mwanafunzi asiyekuwa na ada kamili hapandi mwaka unaofuata. Nilizunguka kwa wafadhili wengine wote ninaowajua, na wote walikuwa wamekwisha kugawa walichonacho. Mwishowe nikaandika barua ya kumsimamisha Nusu masomo, nikaitia kwenye bahasha, nikaibana ndani ya faili langu. Ofisini kwetu habari mbaya hutolewa baada ya chai, mgeni wa mwisho akishatoka getini. Ni utaratibu nilioubuni mimi mwenyewe, na asubuhi ile niliuchukia.

Siku ikafika. Ukumbi umepigwa deki mpaka unajiona uso, vitambaa vyeupe mezani, maua, birika zimepangwa mstari. Nimesimama mlangoni na orodha yangu, kalamu sikioni. Wageni wakaanza kuingia, mmoja kwa kadi moja, kiti kimoja kwa mtu mmoja. Moyo wangu ukatulia. Ndipo nikasikia mlio barazani, kama mtu anayemwaga mbao.

Walikuwa wao. Wanawake ishirini na wawili, magauni ya kitambaa kimoja cha zambarau, kila gauni limemkaa mwenyewe sawasawa, wembamba kwa wanene. Na kila mmoja mkononi ameshika kigoda cha mbao, kile cha kukalia mbele ya cherehani.

"Shikamoo, Mama," nilisema. "Hivi vya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si ulituambia viti vimewapungukia?" Mama Pindo akanishika bega kwa upole. "Hakuna haja ya kuona aibu. Kila shughuli ina upungufu wake. Tumekuja na vyetu."

Nyuma yake mama mmoja mfupi akaongeza, "Na kama mna upungufu wa vijiko, semeni mapema, kwangu si mbali."

Utaanzaje kueleza? Walikwisha kunipita. Waliingia ukumbini wakisalimia meza zote kama wako harusini, wakafika kwa Nusu, wakaweka vigoda vyao duara kuizunguka meza ile ndogo. Mwenye kiwanda cha magodoro akasukumwa kiti chake mbele, "samahani baba, sogea kidogo," naye akasogea. Nusu alikuwa katikati, kila upande anakumbatiwa, kicheko kinamtoka kwa nguvu mpaka miwani imeteleza.

Kiti cha Mzee wa Saruji kikabaki kitupu. Kati ya wanawake wote wale waliokaa chini juu ya vigoda, hakuna aliyekigusa, kwa kuwa kilikuwa cha mwenzao. Nikamwona Nusu anakitazama kila mara, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama faili kifuani pangu. Si mjinga yule. Kicheko chake kilianza kupungua.

Muziki ukapigwa, maandamano ya walimu yakaingia na majoho. Mkuu wa chuo, profesa mrefu mwenye mwendo wa taratibu, alikuwa mbele. Alipofika usawa wa meza ya Nusu, Mama Pindo akainuka.

"Simama hapo hapo, baba. Usitembee."

Profesa akasimama. Maandamano yote yakasimama, wa nyuma wakigongana. Mama Pindo akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni lake, akapiga goti, akaanza kushona bitana iliyokuwa ikining'inia kwenye pindo la joho la mkuu wa chuo, mbele ya watu mia nne. Mimi nilitafuta pa kujificha. Nilitamani birika inimeze.

"Ungejikwaa," alimwambia akikata uzi kwa meno. "Nani amekushonea hili?"

"Tunayakodi, Mama," profesa akajibu kwa adabu, kama mtoto. "Kila mwaka. Haya ya walimu na yale ya wahitimu."

"Mnakodi!" Mama Pindo akageuza pindo la joho nje ndani, akawaonyesha wenzake. Duara lote likainama kutazama, kisha likacheka kicheko kirefu cha watu wanaojua kazi yao. "Huyu aliyeshona alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Profesa naye akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Akashukuru, akaendelea mbele, na maandamano yakamfuata.

Hotuba zikaanza. Mama Pindo akaniita kwa kidole, nami nikaenda, maana kidole kile hakikataliki.

"Mwenzetu wa nusu nyingine yuko wapi? Tumemletea shati."

Na kweli lilikuwapo mapajani mwake, shati jeupe la mikono mirefu, limekunjwa vizuri. Walilikata kwa kukisia ukubwa wake, kwa kuwa hawakuwahi kumwona.

Nilikuwa na jibu langu tayari, lile la kila siku: amepata udhuru, anawasalimu. Nusu akanitangulia.

"Dada," akaniambia, "hiyo bahasha ni yangu, siyo? Nipe tu. Usingoje chai."

Aliisema taratibu, bila kulia, na mimi ndiye niliyelia. Nasema wazi, mimi mwenye hasira zangu zote, nililia pale katikati ya vigoda. Nikawaeleza kila kitu: moto, barua, kanuni, mwaka mmoja uliobaki. Utaratibu wangu wa baada ya chai ukafa siku hiyo, na sijaufufua.

Mafundi hawakusema pole. Waligeuza vigoda vyao, migongo kwa wageni wa heshima, vichwa vikakaribiana. Nusu alibaki nje ya duara, mkono wake umeushika wangu, baridi tupu. Nilisikia maneno mawili matatu. "Hela hatuna, tusidanganyane." "Mikono je?" "Kwa mwezi mmoja ngapi?" "Mimi kumi, nikiacha kupiga soga." "Wewe uache soga? Weka saba." Wakacheka, wakanong'ona tena. Halafu Mama Pindo akasimama, akakitwaa kigoda chake, akaenda nacho moja kwa moja hadi jukwaani, ambapo msemaji alikuwa katikati ya sentensi. Akakiweka mbele ya profesa, akakaa.

"Baba, hiyo hela ya kukodi majoho mnampa mtu kila mwaka, na joho linarudi kwake. Sisi tutakushonea majoho yenu wenyewe, ya walimu na ya wahitimu, yakae hapa hapa chuoni. Kitambaa mnunue nyie, ushonaji ni wetu, na hatudai kitu. Ila hela ya kukodi ya mwakani imlipie yule mtoto nusu yake iliyoungua."

Profesa akamgeukia mhasibu mkuu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu tangu aajiriwe. Mhasibu akaandika kwenye kiganja chake, akafuta, akaandika tena.

"Inatosha," akasema. "Na kitambaa kinapatikana. Na inabaki." Akatabasamu. Meno yake ni mazuri sana, kumbe.

"Bodi nzima ya chuo iko hapa," profesa akasema kwenye kipaza sauti. "Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga. Mwenye kiwanda cha magodoro ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, na baada yake sikusikia tena kitu, maana ukumbi wote ulikuwa umesimama na vigelegele vilikuwa vinatoka kwenye makoo ishirini na mawili.

"Basi leteni joho la mfano wiki ijayo," profesa alisema kelele zilipopungua.

"Wiki ijayo ya nini?" Mama Pindo alikuwa amekwisha kurudi mezani, tepu ya kupimia imetoka mfukoni. "Binti, simama. Nyoosha mikono."

"Lakini Mama, nahitimu mwakani," Nusu akasema. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Ndiyo. Tuanze mapema, foleni itakuwa ndefu. Mwanangu," akaniambia mimi, "nipe karatasi niandike vipimo."

Nikafungua faili. Orodha ya viti ilikuwa imejaa pande zote mbili. Karatasi tupu haikuwapo. Kulikuwa na ile bahasha tu, nyeupe, barua yangu ikiwa bado ndani. Nikampa. Akaiweka juu ya kile kiti kitupu, na mama mfupi akaandika kadiri alivyokuwa akitajiwa: bega, kifua, mkono, urefu.

"Ongeza inchi mbili kiunoni," Mama Pindo akasema. "Akishalala usingizi mzuri atanenepa."

Shati walinikabidhi mimi, nikampelekea Mzee wa Saruji mwenyewe, kwenye ghala lake lililoungua. Alilivaa pale pale juu ya masizi. Mikono ilizidi kidogo, akasema ndivyo anavyopenda.

Mwaka uliofuata, siku ya mahafali, niliwapangia mafundi viti ishirini na viwili vyenye mito, mstari wa mbele kabisa, kila kimoja na kadi yake, na mwisho wa mstari kiti cha Mzee wa Saruji. Wakaja na vigoda. "Hivyo vizuri wape wageni," Mama Pindo akaniambia, na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nikakunja orodha yangu na kuitia mfukoni.

Majoho mia nne mapya yakapita. Nusu alipoitwa, nilijua lake kabla sijamwona uso. Pindo lake lilishonwa na watu ishirini na wawili, kila mmoja shubiri yake, kwa mkono, na ukilitazama kwa karibu unaona mahali mmoja alipoachia na mwingine alipopokea. Alipanda ngazi, akapokea cheti, akateremka akipita mbele yetu. Mzee wa Saruji alisimama na shati lake jeupe. Wengine wote walimtazama usoni na kupiga vigelegele. Mama Pindo peke yake aliinamisha kichwa, akalifuata pindo lile kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka binti alipofika kwenye kiti chake. Halafu akajifuta uso kwa kiganja.

"Limekaa," akasema.