Maji ya Goti

Jirani yangu Jessica, hapa Kanamkemer, Lodwar, anasema gari ya Longor ilibebwa na maji ikiwa bado inanguruma. Anasema laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu, ilikuwa kavu asubuhi, watu wanachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa, na kabla ya saa sita gari ilikuwa inazungushwa kama jerikeni tupu, taa zinawaka chini ya maji. Jessica hakuwepo. Lakini ni kweli Longor hana gari sasa, na ukimuuliza anaangalia kando.

Mume wangu Ekeno aliposikia alicheka. Alisema gari ya Longor haikuwa na bomba la kupumulia. Yetu iko nalo, lile jeusi linalopanda kando ya kioo mpaka juu ya paa. Ni Land Cruiser kuukuu tuliyonunua kwenye mnada wa shirika fulani, na mlangoni bado unaona pale jina lao lilipobanduliwa. Tumebeba nayo samaki wakavu, unga, mbuzi, wagonjwa, na mara moja jeneza. Ekeno anaipangusa vumbi kila jioni.

Kazi yangu mimi ni maji. Tukikuta laga ina maji navua viatu, nafunga shuka juu, natangulia na fimbo. Yakiishia gotini, nainua mkono kumwita. Yakipita goti, tunakaa tungoje, hata kama ni kutwa. Tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza.

Jumanne tulitoka Lodwar na magunia ya samaki ya Félicité, mama Mkongo anayeuza Kakuma. Akoru, binti yetu wa miaka mitatu, alilala kiti cha mbele. Kabla ya Kakuma tuliacha lami kumfikisha abiria wetu, mzee Lomunokol, kwake. Tulivuka laga ikiwa kavu. Tuliporudi, ilikuwa na maji. Juu yetu jua kali, lakini milima ya upande wa Uganda ilikuwa imefunikwa na mawingu, nyeusi.

Ng'ambo, vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanangoja juu ya pikipiki zao. Mmoja akamwita Ekeno: "Buda, gari kubwa hivyo na unatuma mama mbele?"

"Mwache," mwenzake akasema, "anaogopa rangi itatoka."

Wakacheka. Ekeno hakucheka.

Niliingia. Kifundo cha mguu, kisha muundi, kisha goti. Katikati yalibaki pale pale gotini, nikageuka nimwite. Ndipo kitu kikanigusa mguu. Mavi ya mbuzi, mizizi ya nyasi, povu la kahawia, na maji yaliyokuwa vuguvugu yakawa baridi. Sisi tuliokulia hapa tunajua. Maji ya mlimani hutanguliza takataka zake. Sikuinua mkono.

Lakini Ekeno alikuwa ameona goti. Nikasikia injini. Nilirudi mbio, nikaanguka, fimbo ikaenda. Nilipofika, magurudumu ya mbele yalikuwa tayari majini, gari imesimama kwa sababu nilikuwa mbele yake. Nikazunguka upande wa Akoru. Mlango ule haufunguki kwa nje, kishikio kilikatika, mpaka Ekeno aufungue kwa ndani. Mtoto alikuwa ameamka, kiganja chake kwenye kioo.

"Ni goti," Ekeno akasema kupitia upenyo wa dirisha. "Nimeona mwenyewe. Si tulisema goti?"

"Baba Akoru, angalia kinachopita hapa. Angalia povu."

"Ondoka nipite."

Huko juu kulikuwa na sauti, kama lori kwenye changarawe, na huko hakuna barabara. Wale vijana waliacha kucheka. Walikuwa wanasukuma pikipiki zao kupanda ukingo, hawaangalii nyuma. Maji yalikuwa yameacha goti langu, yalikuwa pajani.

Nikapitisha vidole kwenye upenyo wa kioo, nikavishikilia hapo.

"Wewe pita kama unapita," nikamwambia. "Mimi nifungulie mlango nimtoe mtoto."

Ekeno aliangalia ng'ambo. Mkono wake ulikuwa kwenye gia.