Dobi wa Misonobari

Mtunza bustani wa manispaa alipostaafu, misonobari aliyoipanda mwenyewe kati ya nyumba yake na barabara kuu ilikuwa imezipita nguzo za umeme. Aliitaja kama wazazi wanavyotaja watoto waliosoma. Kisha malori yakahamishiwa njia ile, na katika miaka minne miti ikaanza kukauka, upande wa barabara kwanza.

Binti yake wa pekee alikuwa mpimaji katika maabara ya misitu. Aliomba kibali, akaichunguza miti hiyo. Alifuta kwa pamba yale majani membamba kama sindano, na pamba ikatoka nyeusi tititi, inanata mafuta. Kwenye hadubini aliona masizi yameziba vitundu ambavyo mti hupumulia. Majani ya kudumu miaka mitatu yalidondoka kabla ya mwaka kwisha. Mzee naye alitoka kila asubuhi na ndoo na kitambaa, akaosha matawi ya chini aliyoweza kuyafikia. Madereva wakampigia honi, wakamwita Dobi. Alicheka nao, kisha akarudi ndani akikohoa.

Binti aliandika ripoti ya kurasa kumi na mbili, akataka malori yarudishwe njia ya zamani. Hakuwa na shaka hata chembe. Alimwambia baba yake avute subira kidogo tu.

Wiki ya tatu mkuu wake alimwita, akamsifu kwa kazi nzuri. Watu wa idara ya barabara walikuwa wameisoma ripoti: miti haina maisha, inaweza kuangukia magari, hivyo itakatwa yote na barabara ipanuliwe. Sahihi ya binti ilikuwa chini ya kila ukurasa.

Alimkuta baba yake jikoni akisuuza vitambaa, akamweleza bila kuficha kitu. Mzee aliacha kusuuza, maji yakimchuruzika viganjani.

"Kwa hiyo uliandika imekufa?"

"Niliandika inakufa, baba. Wao wamesoma wanavyotaka."

"Usijilaumu, mwanangu. Kumbe muda wote nilikuwa naosha maiti."

Misumeno ilianza Jumatatu. Binti aliomba ruhusa kazini, akakaa na baba yake sebuleni, madirisha yamefungwa. Kufikia adhuhuri hakukuwa na kitu tena cha kuzuia mngurumo wa malori. Vikombe vilitetemeka mezani, na mzee akainuka kwenda kulala, mchana kweupe.