Mto Aliouchora Didas

Didas aliporudi kutoka vita vya Burma na jeshi la Keya, jeshi la Waingereza, alirudi na kovu refu kwenye mkono wa kushoto na koo lisilomtii. Mambo ya kawaida aliyasema vizuri. Muulize habari ya breki, ya matairi au ya mvua, atakujibu na kukuongezea mzaha. Ila ukitaja vita, koo lilifunga. Sauti ilitoka vipande vipande, macho yakamtoka, kisha akanyamaza huku jasho likimtiririka hata kwenye baridi ya asubuhi ya Mbeya. Wenzake wa gereji walikokuwa wakiosha malori walikwisha kumjua, wakaacha kumuuliza.

Zubery hakuwa mtu wa kuuliza. Yeye alikuwa fundi wa kuandika malori majina. Baba yake alitoka Bagamoyo kuifuata dhahabu ya Chunya, akaikosa, akaoa na kubaki huku huku juu milimani. Mwanawe akajifunza brashi. Ukiona simba amechorwa kwenye mlango wa lori lolote kati ya Mbeya na Iringa, manyoya yake yote yakipepea, ujue ni simba wa Zubery.

Siku moja mwaka 1954 dereva aitwaye Makame alirudi kutoka Rodesia ya Kaskazini na gazeti la picha aliloliokota kwenye kiti cha gari. Lilikuwa gazeti la vita. Kila ukurasa ulikatwa visanduku visanduku, na ndani ya kila kisanduku kulikuwa na askari wa Kizungu wanakimbia, wanaruka, wanafyatua. Taya zao zilikuwa pana kama majembe. Makombora yalipasuka kama nyota, na vivuli vyeusi vilikata uso wa mtu katikati. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Makame, Zubery na Didas, wote watatu hawakukijua. Lakini walilifuata gazeti lile kuanzia mwanzo hadi mwisho wamechuchumaa kando ya lori, na hakuna aliyepotea njia.

"Huyu ndiye mwenyewe," Makame alisema. "Sasa wamemzunguka. Ona, anavuka ukuta!"

"Bunduki ile haishikwi kwa mkono mmoja," alisema Didas.

Zubery alimtazama. Lilikuwa neno la kwanza la vita kumsikia Didas akilisema bila kukabwa.

Makame alipoondoka, Didas aliokota chaki ya Zubery. Ubavu wa lori lililokuwa likingoja rangi ulikuwa mtupu. Alichora mraba. Ndani yake akachora mistari mingi iliyolala upande, mingi mno, hadi Zubery akatambua kwamba ni mvua. Chini ya mvua akachora watu wadogo wamepanga mstari, hawana nyuso, na nyumbu wa mizigo amezama matopeni hadi tumboni. Kisha mraba wa pili. Akachora mto.

"Huu mto wa wapi?" Zubery aliuliza.

Didas alifungua kinywa. Koo likafunga. Akaugonga ule mraba kwa chaki, mara mbili, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika.

Zubery akamwachia chaki nyingine, akaenda kutafuta karatasi.

Walichopata ni mifuko ya saruji. Upande wa ndani ulikuwa safi, na karatasi yake nene haikunywa rangi ovyo. Wakaipasua, wakaipiga vumbi, wakaitandaza kwenye sakafu ya banda la Zubery. Kila jioni kabla giza halijaingia walikuwa pale, na Mwantumu, mke wa Zubery, akiwaletea chai na kuwauliza kama hawana makwao. Didas alichora kwa mkaa, Zubery akafuata kwa brashi na rangi nyeusi. Kazi iligawanyika hivyo, na ugomvi ukaanza hapo hapo.

Zubery alikuwa amelipenda lile gazeti. Askari wa Didas akampa taya. Akampa misuli. Akamchora anapiga kelele huku mguu wake umevuka mstari wa kisanduku, kama alivyoona. Didas alipotazama, alitikisa kichwa, akachukua kitambaa na kuifuta ile taya.

"Sasa watu watajuaje kwamba ni shujaa?" alisema Zubery.

"Alikuwa mwembamba," Didas akajibu. "Chora mwembamba."

"Na adui? Mpaka hapa sijaona Mjapani hata mmoja."

"Sikumwona."

"Vita bila adui, Didas?"

"Siku ile s-sikumwona."

Kikafika kisanduku cha kombora. Zubery alikuwa amekingoja. Akachora mpasuko wa kupendeza, nyota yenye ncha nyingi, moshi unajiviringa, mawe yanaruka. Alijua kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Didas alikitazama muda mrefu. Kisha akakata kipande cha karatasi nyeupe kilichoenea pale pale, akakipaka uji wa unga, akakibandika juu yake. Kikabaki kisanduku kitupu, cheupe, katikati ya vingine vilivyojaa.

"Umeniharibia," alisema Zubery, na kweli alikasirika.

Didas aligusa sikio lake. Akatikisa kichwa. Akagusa macho. Akatikisa tena.

Zubery alikitazama kile cheupe, na jinsi kilivyofuatwa na maji matupu, na jinsi mtu aliyekuwapo kabla yake hayupo baada yake. Akaiweka brashi chini. Hakuongeza kitu. Kuanzia hapo alichora alivyoelekezwa, watu wadogo na mvua kubwa.

Kazi ilipoisha ndipo Zubery alipojua ni ya nani. Didas alilitaja jina moja: Timotheo. Kisha la pili: Lea, mkewe, anayekaa Nyololo. Mengine Zubery aliyakusanya kwa kuuliza maswali ambayo jibu lake ni kutikisa kichwa tu. Timotheo na Didas walikuwa kikosi kimoja. Timotheo alikufa mtoni. Waliomzika walikuwa wawili, Didas na sajenti wao. Sajenti aliuawa baadaye siku ile ile, na Didas alipelekwa hospitali India akiwa hawezi kutamka hata jina lake. Kwa hiyo hakuna aliyetoa habari, na serikali ikamwandikia Lea kwamba mumewe hajulikani alipo.

"Na wewe hukwenda kumwambia?"

"Nilikwenda." Didas alitazama chini. "Nilisimama mlangoni. Nikashindwa. Nikaondoka."

Walisafiri na lori la Makame lililokuwa likipeleka mchele Iringa. Didas alikaa juu ya magunia, amezikumbatia zile karatasi zilizoviringwa ndani ya turubai. Baada ya Makambako ukungu ukawafunika, na Makame akaendesha huku kichwa chake kikiwa nje ya dirisha. Zubery, aliyeketi mbele, hakuwa na raha. Kitu chenyewe kilikuwa michoro ya mkaa kwenye mifuko ya saruji, na mwanamke alikuwa amengoja miaka chungu nzima. Je, akidhani wanamdhihaki?

Makame aliwashusha Nyololo, akasema anakwenda kubadilisha gurudumu na atawangoja.

Nyumba ya Lea ilikuwa juu kidogo ya barabara, nyuma ya shamba la pareto. Alikuwa uani akipukuchua mahindi. Mwanamke mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Alipomwona Didas aliacha mikono yake juu ya gunzi.

"Kamwene," alisema Didas.

"Kamwene," aliitikia, bila kusimama. Kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni, "Shemeji, umekuja kusimama tena?"

Didas alimtazama Zubery. Zubery akaingilia kati. "Mama, samahani. Mimi naitwa Zubery, fundi wa Mbeya. Huyu ndugu ana habari yako, ila mdomo wake haumpi. Amekuchorea. Tunaomba utazame tu."

"Mara ile nilimwuliza," Lea alimwambia Zubery, kana kwamba Didas hayupo. "Nilimwuliza, Timotheo yuko wapi? Akatoa macho, akaondoka anakimbia. Mtu akikuficha habari namna ile, ni habari ya aibu. Nikajua mume wangu alikimbia jeshi. Wapo waliosema ana mke India. Hapa kijijini sijakaa matanga wala sijavua pete. Watu hata jina lake hawalitaji mbele yangu."

"Tazama, mama."

Wakatandaza karatasi chini, wakazikandamiza kwa magunzi ya mahindi, maana upepo ulikuwa ukizinyanyua pembe. Lea alisimama, akaja taratibu, mikono nyuma. Akaanza upande wa kushoto. Aliinama kwenye mvua. Aliinama kwenye nyumbu. Akasogea hatua moja, akasogea nyingine, akitazama kisanduku kimoja kimoja kama mtu anayepita katikati ya miche asiikanyage.

Ukafika mto. Majeruhi wamelala ukingoni, wenzao wamejikunyata. Mtu mmoja anatoka katika kundi, anaingia majini peke yake, amewapa wenzake mgongo.

"Hapa anakimbia," alisema Lea. Sauti yake ilikuwa kavu. "Si ndiyo? Anawaacha."

Zubery alitaka kusema. Didas akamshika mkono, akambana.

Lea akatazama kinachofuata. Mtu yule yuko katikati ya mto, kamba kiunoni. Kingine, ametokea ng'ambo ya pili, anaifunga kamba kwenye mti. Lea akapiga magoti. Aliweka kidole karibu na karatasi, asiiguse. Yule mtu mdogo asiye na uso alikuwa amekunja suruali mguu mmoja tu, wa kulia, hadi gotini. Wa kushoto ulining'inia, umelowa.

"Ee Mungu," alisema. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. "Mguu mmoja! Nilimsema kila siku. Unakwenda shamba umekunja mguu mmoja, huo mwingine ni wa nani?" Akamtazama Didas usoni kwa mara ya kwanza. "Ni yeye."

Didas akaitikia kwa kichwa.

Akaendelea kwa magoti. Majeruhi wanavuka, wanaishika kamba, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Lea akautazama mkono wa Didas, akalitazama kovu. Timotheo yuko ndani ya maji tena, katikati, bega lake likiizuia kamba mahali mkondo ulipokuwa mkali, na watu wanapita nyuma yake. Wa mwisho amevuka. Timotheo amegeuka kuwafuata.

Kisha kisanduku cheupe.

"Mbona hapa hamjachora?"

Didas alichuchumaa mbele yake. Akagusa sikio, akatikisa kichwa. Akagusa macho, akatikisa kichwa. Kidole chake kikaenda kwenye kisanduku kinachofuata, maji matupu, mvua, kamba imelegea.

Lea akakifuata kidole kile kwa macho. Kuku walikuja kula mahindi aliyoyaacha, na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe akasogea kwenye karatasi ya mwisho. Kando ya mto, chini zaidi, mti uliopinda. Tuta la udongo. Watu wawili wamevua kofia, mvua inawapiga vichwani.

"Mlimzika."

"Nd-ndiyo."

"Mwili wake mliupata. Mlimzika kwa mikono yenu."

"Ndiyo."

"Na sala?"

Koo la Didas lilifunga. Zubery aliliona likifunga, akaona jasho likianza kwenye paji la uso. Lea naye aliona, lakini safari hii hakukasirika. Alingoja, ameweka mikono magotini, kama ana siku nzima.

"B-Baba Yetu," alisema Didas. Alivuta pumzi. "Tulisali Baba Yetu. Mimi Mkatoliki, nilianza kwa Kilatini. Sajenti alisema, huyu Mlutheri, tumsalie kwa Kiswahili. Alivukisha watu wote, shemeji. Wote. Mimi nilikuwa wa mwisho."

Yalimtoka yote, hayakukatika. Yeye mwenyewe alishtuka, akashika shingo yake.

Lea alikaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Machozi yalimtoka bila kelele, na huku anacheka tena.

"Nimemgombeza," alisema. "Kila nikilala namgombeza. Namwuliza, huyo mwanamke wa India anakupikia nini? Anajua kulima huyo? Miaka yote hii, shemeji, kumbe marehemu wa watu amelala kimya, na mimi namtukana." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Basi. Nimepumzika. Nimemwacha apumzike na yeye."

Akainuka, akaenda hadi kwenye ua na kuita jirani kwa sauti kubwa. Katika maneno ya Kihehe Zubery aliambulia jina moja tu, Timotheo, likiitwa wazi, mara kadhaa.

Watu walikuja. Mchungaji Kalinga aliletwa kwa baiskeli, akatazama karatasi zote, akamwuliza Didas maswali machache na kujibiwa, kisha akasema ibada ya kumwombea Timotheo itafanyika kesho yake, na matanga yakaliwe kama desturi. Uani palijaa. Waliotangulia kutazama waliwasimulia waliokuwa nyuma, kila mmoja kwa namna yake. Mzee mmoja aliwahi kuwa Keya vita ya kwanza, akaonyesha kwa fimbo jinsi kamba inavyofungwa. Zubery hakuijua lugha ile, lakini alijua wamefika wapi. Walipofika kwenye cheupe, wote walinyamaza.

Makame alipiga honi barabarani. Zubery akamtafuta Didas ili waage. Alimkuta ndani, kwenye mkeka kando ya jiko, sahani tupu ya ugali kando yake. Amelala chali, kinywa wazi, anakoroma. Wanawake waliokuwa wakipika walikuwa wakimruka kwenda na kurudi na maji.

"Nimwamshe?" Zubery aliuliza.

"Umwache," alisema Lea, akikoroga sufuria. "Wewe nenda. Mwambie tajiri wake wa gereji kwamba yuko msibani kwa ndugu yake."